Matumba Arubaini na Moja

Harusi ya Ruzuna imeangukia kipupwe.
Si sisi tuliotaka. Likizo ya bwana harusi ni Julai,
na Julai hapa Wete
asumini huwa na mkono wa birika.
Nimetunga vikuba miaka thelathini, najua:
watu wakishaanza kutafuta mablanketi ya mwaka jana
na alfajiri ikitoa moshi mdomoni mwa muadhini,
mti hukunja uso.

Tukakaa ukumbini na daftari.
Mkadi upo, wa Faki Mbarouk kule Bopwe,
ghali, na hapunguzi hata ukimlilia.
Mrehani umejaa nyuma ya choo.
Pachori vijiti viwili vitatu, vitatosha.
Vilua, tumeulizia mpaka Konde: hakuna.
Waridi yapo, mekundu,
lakini Ruzuna anasema yananukia sabuni.
Langilangi hunipa kichwa, nikalipita kimya kimya.

Wifi yangu akafungua mfuko kutoka Unguja,
maua ya plastiki, meupe pe, na umande wa gundi juu yake.
"Haya hayanyauki," akasema.
Ruzuna akachukua moja akalinusa,
kwa adabu,
akalirudisha mfukoni.

"Nataka asumini," akasema. "Ya mama."

Wifi akakohoa. Mimi nikatazama daftari.
Mti wa marehemu dada yangu Chumu
uko Limbani, uani kwa Bi Mkasi,
aliyeingia nyumba ile kabla udongo wa kaburi haujakauka.
Ndivyo ilivyosemwa,
na katika waliosema
mimi nilikuwa na sauti kubwa.
Mwaka wa kumi na moja huu sijapiga hodi pale.

Nikaenda baada ya alasiri, na kanga mbili mabegani,
moja ya baridi, ya pili sijui ya nini.
Akatoka na unga mpaka viwiko.
Akanitazama, akatazama kikapu,
akanipisha njia ya uani.

Nilitegemea kijiti kikavu.
Nilishawaambia watu wazima na akili zao
kwamba yule mwanamke ataua kila alichokipanda Chumu.
Kumbe mti umepunguzwa matawi, umezungushiwa mawe,
na shinani majivu ya jikoni, yamechekechwa,
vile vile, vile vile alivyokuwa akiweka dada yangu.

Tukachuma, yeye upande wake, mimi wangu,
tukihesabu kwa sauti kama watoto wa chuoni:
thelathini na nane,
thelathini na tisa,
hili limeliwa na mdudu, acha,
arubaini,
arubaini na moja.
Akapekua tena majani ya chini, akainuka, akashika kiuno.
Kikuba cha bibi harusi chataka mia, tena cha haya.

"Umechelewa kuja," akasema.
Nikasema, "Najua."
Akanifungia kwenye jani la mgomba, akalirashia maji.

Sasa ni usiku, natunga chini ya taa,
vidole vimekufa ganzi, uzi haupiti kwenye sindano.
Nje nimeweka mkadi, niliolipa bei yote,
na mrehani, na pachori kuushikilia.
Hayo ndiyo watakayoyaona wageni, ndiyo yatakayopigwa picha.
Asumini nimeyazika katikati, bado yamefumba.
Kesho atakapovalishwa, akakaa, akabanwa na nguo,
joto la kifua chake litayafungua moja moja,
na katika chumba kizima, wanawake mia na marashi yao,
ni yeye tu atakayejua ni nani kaingia.

Arubaini nimeyahesabu mara mbili.
Lile moja nililiacha Limbani, mlangoni,
kwenye kiganja cha Bi Mkasi.
Hakushukuru. Alipangusa unga kwa upande wa kanga,
akalichomeka nyweleni juu ya sikio,
akavuta mtandio,
akarudi kwenye mkate wake.