Tazama Pia

Saa nane na robo wanaingia
na vumbi la Mkuyuni miguuni,
kidato cha pili B, arobaini na mmoja,
na viti ninavyo kumi na tisa.
Waliobaki wanakaa sakafuni,
migongo kwenye rafu ya Jiografia,
rafu imeegemea ukuta,
ukuta umeegemea jiwe.
Mwanza hii, mwisho wa kila kitu ni jiwe.

"Madamu, mimi nimeshamaliza," anasema Lushinge,
na wenzake hawajafungua hata madaftari.
Ananipa karatasi aliyochapisha steshenari
kwa shilingi mia mbili: *Historia ya Samaki wa Ziwa Letu*.
Herufi zimenyooka,
sangara wa pichani anang'aa kuliko sangara.
Nani kaandika?
Kimya.
Lini?
Anageuza karatasi,
kana kwamba mwaka umejificha nyuma.
Alijuaje?
Hapo anacheka. "Madamu, si imeandikwa?"

Imeandikwa.
Hata ukuta wa choo umeandikwa,
na sijaona anayeunukuu.

Navuta droo ya kadi, ile ya chini inayokwama,
unaipiga teke, kidogo, kwa adabu.
*Samaki: tazama Uvuvi.*
*Uvuvi: tazama pia Ziwa, Biashara, Sheria.*
Vidole vinakimbizana.
Ghati anapata ripoti yenye muhuri wa idara,
kurasa nne za katikati zimeliwa na mchwa.
Vitabu viwili vinagombana juu ya mwaka
sangara alipotiwa ziwani,
na pembeni mwa kimoja mtu ameandika kwa penseli,
kwa hasira: SI KWELI.
"Penseli imeshinda!" Lushinge anapiga meza.
Na penseli nayo, namuuliza, ni nani?

Nyanzala ana bibi, muuza dagaa Mwaloni,
yeye aliyaona hayo.
Kamuulize, basi.
Ila muulize alikuwa na umri gani,
na kama aliona au alisimuliwa.
Andika jina lake, na tarehe.
"Bibi ataniona sina adabu."
Mwambie umetumwa na shule.

Kengele ikikaribia nikafunga somo
kama nilivyolifunga miaka kumi na mmoja:
na furu, watoto, walikwisha,
sangara aliwamaliza.
Nikasema kwa sauti ya mtu mwenye funguo.

Minza, ambaye haongei,
akanyoosha mkono nusu,
kama anayepima mvua.
"Madamu, nani kasema?"

Nikageukia rafu.
Nikasoma migongo ya vitabu, kushoto kwenda kulia,
arobaini na mmoja wakinitazama kisogo.
Nani kasema?
Mwalimu wangu, Nansio, akifuta ubao.
Yeye alisikia wapi, sikumuuliza,
tulikuwa na njaa, na ilikuwa Ijumaa.

Jumatatu Minza alikuja na kopo la rangi,
maji ya Luchelele, ya kati ya mawe,
na ndani yake samaki wa urefu wa kidole,
mwenye ubuluu unaokuja na kuondoka
kila akigeuka.
Tukamwita mwalimu wa Baiolojia.
Akainama, akavua miwani, akavaa miwani.
"Furu. Ila furu gani, sijui."
Minza akaandika: *sijui*,
na jina la mwalimu, na saa.
Kisha akaniambia, taratibu,
kama mtu anayemfariji mgonjwa:
"Hii haisemi wapo wote, madamu.
Inasema huyu yupo."

Akaomba ruhusa, akamrudisha kabla ya uji.
Maji yaliyomwagika mezani niliyafuta kwa mkono wa blauzi.
Nikachukua kadi mpya, kalamu ya wino:

*Furu: tazama Samaki.*
*Tazama pia: mawe ya Luchelele; kopo la rangi;*
*Minza Ng'wandu, II B.*

Nikaisukuma droo.
Ikakwama.