Chumvi Nyingi

Saa tano asubuhi, tarehe ishirini na nne,
simu ililia. Deolinda, dada yangu:
ameteleza kwenye ngazi ya ghala la viazi,
mkono umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko.
"Adérito, mwaka huu tunakula kwako."
Hakuniuliza. Aliniarifu, kama posta.

Kwangu! Viti vinne, kimoja kinanesa.
Sufuria moja ya maana, na Belmira aliyeijua
yuko kule juu makaburini tangu Machi.
Watu kumi na wanne, na Ureno nzima inajua
kwamba mkesha wa Krismasi bila ng'onda si mkesha,
na ng'onda hulowekwa siku mbili,
maji yakibadilishwa asubuhi, mchana, usiku,
mpaka bahari imtoke.
Mimi nilibakiwa na saa tisa za kuhesabu.

Dukani kwa Gaspar alikuwapo mmoja tu,
mgumu kama ubao wa mlango,
mweupe kama aliyelala nje kwenye sakitu.
Nilimkatakata kwa msumeno. Naam, msumeno;
kisu kilikataa.

Kisha nikakumbuka neno la baba:
maji yaendayo yana haraka kuliko yaliyotuama.
Nikavitia vipande kwenye gunia la wavu, la vitunguu,
nikalifunga mdomo kwa kamba ya kiatu,
nikalitundika chini ya bomba la chemchemi ya kijiji,
nikakaa juu ya jiwe, koti mpaka masikioni,
kuwalinda samaki na paka.

Hapo ndipo kijiji kizima kilipozijua shida zangu.
Hermínia alipita na ndoo: "Unavua au unafua?"
Akaenda, akarudi na vipande viwili
alivyoviloweka tangu juzi. "Hivi wape watoto."
Mwana wa fundi viatu akaahidi viti sita.
Benchi la kanisani likashuka mtaani
juu ya vichwa vya wanaume wawili,
miguu hewani, kama ng'ombe aliyechinjwa.
Mtu akanishikia zamu nikachemshe mayai.
Mwingine, mpaka leo simjui, aliacha mlangoni
fungu la mboga za majani, bado zina barafu.

Saa mbili usiku wakaingia.
Deolinda mbele, plasta kifuani kama medali,
akaanza kuiamuru sufuria kwa mkono uliobaki:
viazi viongezwe, moto upunguzwe,
kitunguu saumu kisiungue, wewe, kisiungue!
Nilimwacha. Mpishi akivunjika mkono, ulimi u mzima.
Meza zilikuwa tatu, kila moja na kimo chake,
shuka la kitanda changu likaziunganisha;
sahani ikitoka kwa wakubwa kwenda kwa watoto
iliteremka mlima.

Tukapakua. Mafuta ya zeituni yakatiririka.
Mume wa Deolinda alionja, akanyamaza.
Deolinda akaonja. Yeye pia!
Tomé, mtoto wa miaka sita, mdokozi wa sahani za wakubwa,
akasema kwa sauti: "Bado ana bahari."
Nikalitazama shuka langu.

Shangazi Quitéria, miaka tisini na moja,
akatafuna polepole, akameza, akaomba maji.
"Wanangu," akasema, "mimi nimekula chumvi nyingi,
lakini hii ya leo
itanifikisha mia."

Benchi la kanisani lilicheka mpaka likasogea.
Jagi lilijazwa mara sita; divai ilisahauliwa.

Usiku wa manane wakaondoka, wengine na viti vyao.
Kwetu meza haisafishwi usiku huo:
makombo, miba, glasi, vyote huachwa vilivyo
ili wafu nao washuke wale.
Nilizima taa, nikapanda kulala, nikashuka tena.
Mahali pa Belmira palikuwa na sahani,
na kipande nilichomchagulia, kile kinene cha katikati.
Nikachukua jagi.
Nikamjazia glasi, pomoni,
maana nilikuwa nimeonja mwenyewe.