Machi Haina Kiraka

Cherehani niliinunua dola kumi na tano
kwenye gereji ya mtu aliyekuwa akihama.
Ndani ya bobini ulibaki uzi wa kijani
wa mshono ambao sitaujua mwisho wake.
Jina langu Tauno. Usiku nasukuma theluji
barabarani Thunder Bay kwa lori la manispaa;
mchana, wenye akili zao wakiwa kazini,
nashona.

Kila Jumamosi ya kwanza, ukumbini chini ya kanisa,
Halyna Wasyliw hutikisa kopo la biskuti
na mmoja wetu huchota karatasi:
huo ndio mtihani wa mwezi. Zawadi hakuna.
Hakuna anayeshindwa, asema Halyna,
ila macho yake hupima mshono wako kwa milimita.

Januari: mkoba wenye kitako bapa.
Niliushona kwa raha zangu, nikaugeuza,
nikakuta bitana iko nje, mikanda iko ndani,
kama mtu aliyelimeza koti lake.
Nikafumua. Kufumua ni nusu ya ufundi;
hiyo nusu nyingine sijaifikia.

Februari: nyota ya pembe nane.
Nje, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
pasi inapumulia kioo cha dirisha,
na pembe zangu zinapishana pale katikati
kama ndugu waliogombea urithi.
Doreen Beaucage aliitazama, akatafuta la kusema:
"Rangi zimekaa."
Nikashukuru. Rangi zimekaa.

Machi, tutairudia.

Aprili, mfuko wa kubebea ukipendacho:
nikaishonea chupa yangu ya chai.
Walicheka, nusura Doreen ameze pini.
Mei, zipu.
Sitaki kuizungumzia zipu.

Juni ikaja na ruwaza waiitayo Njia ya Mlevi:
robo duara ndani ya mraba,
mbonyeo ushonwe na mbinuko, pasiwe na kunyanzi.
Wanawake wenye miaka arobaini ya sindano waliguna.
Mimi nilinyamaza, maana kona ndiyo kazi yangu.
Punguza mwendo kabla yake, si ndani yake.
Usiitazame sindano; tazama unakokwenda.
Kitambaa kikapita chini ya mguu wa cherehani
kama Mtaa wa Algoma saa tisa usiku,
na robo ikatulia mahali pake.
Halyna aliigeuza mara tatu akitafuta kosa.

Lakini kopo halisahau. Desemba likatoa amri:
miezi yote iungane, mfarishi mmoja,
miraba kumi na miwili, mikoba itoe mabaki yake.
Nilikuwa na kumi na mmoja.

Machi ile theluji ilianguka saa thelathini mfululizo
nami nilikuwa ndani yake,
nikigeuka naona nilikopita pameshafutika,
karatasi ya mtihani imelowa mfukoni
mpaka mwandiko ukawa doa la samawati.
Sikushona hata kifungo.
Kuna saa gari la wagonjwa lilinifuata nyuma,
taratibu, taa zake zikizunguka bila king'ora,
mimi nikitoboa, lenyewe likipita nilipotoboa,
hadi mlango wa hospitali.
Sikumwona aliyekuwemo.
Sikuuliza, na nani angenijibu?

Basi nikakata mraba mweupe, mtupu,
nikautia pamba,
nikaupitisha uzi mweupe, mistari miwili sambamba,
na nyuma yake mmoja wa kijani,
ule wa bobini, wa mtu aliyehama.
Uliisha inchi mbili kabla ya ukingo.
Sikuuongeza.

Halyna alivaa miwani, akapitisha kidole.
"Mistari yako imepinda."
"Barabara ilipinda."
Kidole kikafika pale ukijani ulipokoma,
kikasimama kidogo.
Kisha akalishika kopo, akalitikisa,
akaninyooshea mimi.
"Chota," alisema. "Januari."