Karani wa Malaba

Joka nimelikubali bila swali:
mabawa, moto, dhahabu ya kulalia.
Mchawi anayejigeuza mvua, sawa, apite.
Lakini chombo kile cha ukurasa wa arobaini,
kinachovuka nyota elfu kwa pumzi moja
bila foleni, bila muhuri,
bila mtu kuuliza umebeba nini,
hapo nilifunga kitabu, nikacheka peke yangu.

Hapa malori yamelala tangu Jumanne.
Aliyeniazima ni Opedun, dereva wa saruji;
foleni hii hii imemsomesha riwaya saba.
Husema: mwandishi asiyejua kusubiri
hajui umbali.

Nami naongeza: mfalme wao
ana majeshi, ana unabii,
hana mpishi. Farasi wote wale, nani huwanywesha?
Nitajieni bei ya chumvi katika ufalme huo,
nitaamini hata mbalamwezi tatu.

Kurasa za mwisho zimenyofolewa;
kuna aliyewashia jiko, au aliyefungia karanga.
Basi shujaa bado yuko mpakani,
upanga kiunoni, karatasi hana.

Natoa muhuri sandukuni.
Naulowesha wino.
Namngoja dirishani.