Kutoka Kilima cha Taka

Nchi hii ni bapa kama sinia.
Ukitaka kuona mbali, panda juu ya ulichokitupa.
Basi nimepanda: magodoro, nepi, majokofu yasiyo na milango,
miaka arobaini ya Krismasi zilizofunguliwa zikasahauliwa,
juu yake udongo, na juu ya udongo
nyasi zilizopandwa ili tusione aibu.

Delbert amenipa ufunguo wa geti la nyuma.
"Saa mbili kamili uwe mizanini, Nereida.
Malori hayangoji picha."
Mwaka wa kumi na moja nayapima.
Najua Jumatatu ya Fort Worth ina uzito gani.

Jana upepo wa kaskazini ulishuka
ukafagia vumbi na moshi hadi Ghuba.
Majira matatu ya baridi nimeungoja.
Kiangazi hewa huchemka kama uji,
Dallas huyeyuka kabla sijaishika.
Leo hewa ni kali, kioo kilichofutwa kwa siki.

Lenzi ni ya kukodi, dola themanini,
nzito kama mtoto aliyelala begani.
Naifunga kwenye miguu mitatu,
naning'iniza mfuko wa mchanga chini yake,
nazuia pumzi.

Kwanza Fort Worth: karibu, nene, taa zake za rangi ya chungwa.
Baba alikuwa mwashi pale,
jengo la tatu kutoka kushoto ni jasho lake.
Alisema Dallas ni mji wa watu wanaopaka mafuta nywele na maneno.
Kisha nyuma yake, juu ya bega la kulia,
Dallas, meno ya kitana,
mnara mmoja umejichora kijani gizani.
Mama alisafisha ofisi humo usiku,
akizima taa moja moja huku akirudi kinyumenyume,
na Fort Worth hakuitaja kwa jina.
Alisema "kule."

Nilikulia barabarani,
Ijumaa kwenye pikapu ya baba, Jumapili kwenye ngazi za mama,
begi la shule mapajani.
Picha yao ya harusi niliijua nusu:
mkono wa mwanamume kiunoni mwa mama,
umekatwa kwa mkasi penye kifundo.

Milima haikutani, wanasema, binadamu hukutana.
Aliyesema hakuwahi kukodi lenzi hii.
Inakula umbali. Imemeza viwanja vya ndege, maghala,
kila kituo cha mafuta nilichowahi kulilia choo,
na sasa minara imebanana mabega
kama watu wawili kwenye benchi la kliniki,
hawasemezani,
wakingoja jina moja liitwe.

Saa moja na dakika nne.
Taa za madirisha bado, anga tayari.
Ukichelewa kidogo, kimoja kati ya hivyo kinamfuta mwenziwe.
Nabonyeza.

Na shakwe, maana hapa shakwe ni wengi kuliko makanisa,
anakatiza mbele, karibu mno, hana umbo,
doa la kijivu lenye mbawa,
ncha moja huku, ncha nyingine kule.

Nilipiga nyingine arobaini. Zote safi.
Delbert alizitazama ofisini kwa miwani ya kusomea,
akasema hii ya kumi na saba ningeiuza,
hii ya ndege futa.
Nikasema ndiyo.
Lori la kwanza lilikuwa limeshapanda mizani,
tani tisa na ushee, dereva anapiga honi.

Ya ndege ndiyo niliyomchapishia mama.
Aliishika mbali na macho, akaisogeza, akaishika mbali tena.
Nilingoja aoneshe mnara wake.
Kidole kikapita, kikamruka ndege,
kikatua kwenye jengo la tatu kutoka kushoto.
"Yule," akasema, "alipindisha safu ya juu.
Nilimwambia siku ile ile."