Mchawi wa Karlini Tatu

Weusi niliusaga mimi.
Mifupa ya kondoo, iliyochomwa katika chungu kilichozibwa,
kisha jiwe, kisha mafuta ya kitani, kisha jiwe tena,
hata kucha zangu zikakaa eda.

Mwaka ule, hapa Napoli, bwana wangu Aniello
alipata oda ya mchawi.
Don Marzio, wakili wa mikataba, alimtaka mkubwa,
dhiraa nne kwa tatu, kwa ukuta wa chumba cha kulia:
awe na fuvu, awe na chura,
awe na pazia la kijani la kumfunika mapadri wakija.

Fuvu tuliazima kwa mpasuaji.
Chura nilimkamata kisimani; akafa siku ya pili,
tukaendelea naye hivyo hivyo.
Paka hakualikwa. Alifuata gundi ya ngozi ya sungura,
akalamba, akalala, akaingia pichani.

Shida ilikuwa mchawi mwenyewe.
Kahaba wa bandarini alicheka mno.
Shangazi yake bwana alikuwa na uso uliojaa sala, haukufaa kitu.
Ndipo nikamleta Carmosina,
muuza supu ya pweza penye lango la soko,
meno mawili, sauti ya kutosha mtaa mzima.
Karlini tatu kwa siku, na mkate.

Alivua shali, akaikunja taratibu
kama akunjaye nguo za marehemu,
akaketi juu ya kasha, ufagio mapajani.
"Kunja uso." Akakunja.
"Zaidi." Akakunja zaidi.
"Huo ni uso wa mwenye jino bovu, mama.
Nataka uso wa aliyekula mtoto."

Mshumaa ulitema nta.
"Nimezika saba," akasema, wala hakuinua sauti.
"Sijui uso wa aliyekula.
Wa aliyeliwa ninao. Ukitaka, chora."

Bwana aliosha brashi ambayo haikuwa chafu.

Siku ya tisa pesa zilikwisha.
Don Marzio hajatuma kitu, subiri kidogo, mama, subiri.
Siku ya kumi, subiri.
Ya kumi na moja alinyoosha kiganja, kikabaki hewani,
na macho yakamgeuka Carmosina
kama maji ya kisima yanapoangushiwa jiwe.
"Hapo hapo!" bwana akapiga kelele. "Usisogee!"
Akamaliza macho yale kabla kengele ya adhuhuri haijalia.

Wanasema pazia lilipovutwa,
mgeni mmoja aliapa amenusa kiberiti.
Mwingine alimwaga divai.
Mtumishi wa jikoni alichungulia penye ufa wa mlango,
akaujua uso.

Basi likaanza sokoni, dogo kama upele.
Mama akimvuta mwanawe upande wa pili wa njia.
Mtu akitema mate, akikanyaga mate.
Sufuria la Carmosina likachemka tangu alfajiri
likarudi nyumbani na pweza wake wote.

Nilikwenda jioni, kofia imefunika macho.
Alinichotea kikombe.
Nikasema: ule weusi ulio nyuma yako pichani
ni mifupa ya kondoo tu, niliusaga mwenyewe.

Alifuta ukingo wa kikombe kwa kidole gumba.
"Siku tatu," akasema, "ni karlini tisa.
Mwambie bwana wako sijasahau."
Kisha akanidai pesa ya supu.