Picha ya Ocen

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, hapa Padibe,
katika ukumbi wa parokia wenye bati lililotoboka,
wanakuja na picha.
Katorina Labol ana ya kipaimara, mchwa wamekula pembe.
Sabina ana kitambulisho cha shule cha bintiye,
muhuri umeziba jicho moja.
Mzee Alfonsi ana kipande cha filamu tu;
hukiinua dirishani, na mwanawe hutokea
meno meusi, nywele nyeupe,
mzee kuliko babaye.

Mama yangu hana karatasi.
Vyote viliungua kambini, mchana ule
nyumba zilipopokezana moto kama majirani wanaoazimana kaa.
Kwa hiyo hunileta mimi.
"Simama, Opiyo." Nami husimama.
"Ni huyu. Ila ana kovu hapa, chini ya sikio la kushoto,
alipoangukia jiwe la kusagia."

Alinifuata duniani kwa robo saa.
Usiku walipokuja nilikuwa na homa, nimelazwa zahanati.
Mkeka wetu ulikuwa na mtu mmoja;
wakachukua mmoja.
Tulikuwa na miaka kumi na mmoja.
Leo nina thelathini na minne.

Pacha hapewi kitu peke yake, ndivyo tulivyolelewa.
Mama bado hununua mashati mawili,
huyapima yote mgongoni mwangu.
La pili hulikunja, hulitia sandukuni na majani ya mwarobaini.
Nilipoanza kunenepa, Ocen naye akanenepa.

Mwaka juzi, kituo cha mabasi, Lira,
mwanamume mwenye gunia la vitunguu alinikumbatia,
akaniita Dakitari,
akauliza kama goti bado linauma wakati wa mvua.
Kisha macho yake yakatafuta kitu chini ya sikio langu.
Hakukiona.
Uso wake ukafungwa kama duka.
Alipanda basi la Arua kabla sijapata ulimi.

Nilirudi nyumbani na vitu vitatu:
goti, jina, na kwamba yule mtu
aliujua uso huu ukiwa na ndevu.
"Ndevu," mama alisema.
"Ndevu!" Akaketi chini palepale, mwiko mkononi, akacheka.

Wenzake hawakumwambia atumaini,
wala hawakumwambia aache.
Walifungua kisanduku cha akiba, wakahesabu nauli,
wakagawana zamu: kila Jumatatu mmoja Lira,
na kigoda chake na chupa ya chai,
akimngoja mwenye vitunguu.
Shamba la aliye zamu hupaliliwa na waliobaki.
Katorina alikwenda msimu mzima wa ufuta.
Alisimamisha kila gunia.
Nilipomshukuru alinitazama kana kwamba nimemtukana:
"Kwani njia anayopita wako, wangu hawezi kuipita?"

Naandika haya kwa Kiswahili, na mama hapendi.
Kwake ni lugha ya buti,
ya lala chini, ya toa kitambulisho, ya tochi machoni.
Lakini wanasema wengine walivuka hadi Kongo.
Na kama kuna soko, Aru au Bunia,
ambako muuza karanga atararua ukurasa huu afunge za shilingi mbili tatu,
huenda mnunuzi akausoma kwa sauti
karibu na mtu anayechechemea.

Basi, Dakitari, kama unasikia:
shati la mwaka huu ni la samawati, lina mifuko miwili.
Goti langu halina neno.
Mama anasikia vibaya, sema naye upande wa kulia.
Na ndevu zimeanza mvi, zinaniwasha,
nimeomba mara ngapi ninyoe. Amekataa.
Picha, anasema,
haiguswi kabla mwenyewe hajaiona.